Bawasiri Changa: Mpira, Sindano au Mwanga?

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, ugonjwa usiotajwa mezani hutajwa kwenye nguzo za umeme. Vikaratasi vilivyobandikwa juu yake huahidi kutibu bawasiri bila upasuaji, na mstari unaofuata huahidi kumrudisha mpenzi aliyeondoka. Chini kuna namba ya simu. Anayeipiga kwa kawaida amekwisha kukaa na tatizo lake miezi mingi, akiona matone ya damu chooni na kujiambia kuwa yatakoma yenyewe.

Nusu ya tangazo hilo ni kweli. Bawasiri nyingi, hasa zikiwa bado changa, hutibika bila kisu. Ila tiba hizo zinapatikana kliniki, mikononi mwa daktari aliyekwisha kumchunguza mgonjwa, na zinazotumika zaidi duniani ni tatu: kufunga kwa mpira, kudunga sindano, na kuchoma kwa mwanga. Zote hufanyika kwa dakika chache na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Swali ambalo madaktari wenyewe wamelijadili kwa zaidi ya miaka thelathini ni ipi kati yake iliyo bora, na jibu lake linategemea sana mtu anahesabu nini.

Kwanza, bawasiri yenyewe. Kila binadamu huzaliwa na chanzo chake. Ndani kidogo ya njia ya haja kubwa kuna vifuko vitatu laini vilivyojaa mishipa midogo ya damu, kimoja upande wa kushoto na viwili upande wa kulia. Misuli ya mlango huo ikishajibana, vifuko hivyo humalizia kuziba mwanya unaobaki, kama washa ya mpira ndani ya koki, ili majimaji na hewa visipite bila ridhaa ya mwenyewe. Inakadiriwa kuwa vinachangia asilimia 15 hadi 20 ya nguvu ya kufunga mlango huo mtu anapokuwa ametulia. Mwaka 1975 daktari wa upasuaji wa Uingereza, W. H. F. Thomson, alieleza jambo ambalo leo ndilo msingi wa tiba: bawasiri ni vifuko hivihivi, vilivyovimba na kuteleza kushuka chini baada ya nyuzi zinazovishikilia ukutani kulegea. Kujikamua sana, choo kigumu, ujauzito na umri mkubwa ndivyo vinavyotajwa zaidi kuwa vichocheo.

Ndani ya njia hiyo kuna mstari mmoja ambao madaktari wanauheshimu sana. Juu ya mstari huo mwili hausikii maumivu ya kuchomwa wala kukatwa kama ngozi inavyosikia. Chini yake, ngozi ni miongoni mwa sehemu zenye hisia kali kabisa mwilini. Ndiyo maana bawasiri ya ndani hutoa damu nyekundu ya kung'aa bila kuuma, na ndiyo maana tiba zote tatu zinaweza kufanyika bila ganzi. Daktari akikosea akaufunga mpira chini ya mstari, mgonjwa atamjulisha papo hapo.

Ukubwa wa tatizo hupimwa kwa madaraja manne, kwa mpango unaohusishwa na jina la John Goligher, bingwa wa upasuaji wa Leeds. Daraja la kwanza hutoa damu tu, hakuna kinachotokeza. La pili hutokeza wakati wa kujisaidia na kurudi ndani lenyewe. La tatu lazima lirudishwe kwa kidole, na la nne halirudi tena. Tiba ndogo za kliniki zinalengwa kwenye madaraja mawili ya kwanza na sehemu ya la tatu. Uvimbe mgumu unaozuka ghafla nje, wenye maumivu yasiyomwacha mtu akae, ni kisa kingine: hapo damu imeganda ndani ya bawasiri ya nje, na wala mpira wala mwanga hauna kazi.

Desemba 1978 Rais Jimmy Carter wa Marekani alilazimika kufuta shughuli zake kwa sababu ya bawasiri, na habari hiyo ikatangazwa hadharani. Miaka baadaye alikuwa akisimulia kwa utani kwamba Rais Anwar Sadat wa Misri aliwaomba wananchi wake wamwombee apone. Ni vigumu kufikiria kiongozi wa kwetu akiruhusu taifa lijue hivyo. Aibu hiyo ina gharama yake, kwa sababu mtu anayejificha huja kliniki akiwa ameshafika daraja la tatu au la nne, wakati ambapo tiba rahisi zinaanza kumwishia.

Kabla ya kifaa chochote kutolewa kabatini, daktari mzuri huuliza kuhusu chakula. Si swali la kupotezea muda. Mwaka 2005 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Pablo Alonso-Coello kilikusanya tafiti saba zenye wagonjwa 378 waliopewa nyuzinyuzi au kitu kisicho na nguvu ya dawa, na kikaona kuwa nyuzinyuzi zilipunguza uwezekano wa kuendelea kutokwa na damu kwa karibu nusu. Hakuna cha kununua ng'ambo hapo. Ugali wa dona badala ya sembe, maharagwe, kunde, mbaazi, matembele, mapapai na maji ya kutosha vinafanya kazi hiyo. Wengi wenye daraja la kwanza huishia hapa, wala hawahitaji kusoma kuhusu mpira. Kasoro ya njia hii ni kwamba huchukua wiki kadhaa kuonyesha matunda, na nyama inayotokeza hairudishwi na maharagwe.

Jambo la pili ni muda wa kukaa chooni. Mwaka 2025 watafiti wa hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston walichapisha uchunguzi wa watu wazima 125 waliokuja kupimwa utumbo mpana kwa kamera. Asilimia 66 walisema hutumia simu janja wakiwa chooni, na kundi hilo lilikuwa na uwezekano wa asilimia 46 zaidi wa kuwa na bawasiri. Uchunguzi wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha kuwa simu ndiyo iliyosababisha, lakini maelezo yake yanaingia akilini: anayekaa juu ya bakuli la choo huku akipekua video anaviacha vifuko vile vikining'inia bila kuegemea kitu, dakika baada ya dakika. Choo cha kuchuchumaa, kwa kero zake zote, hakimvumilii msomaji wa simu.

Damu ikiendelea, ndipo mpira unapoingia.

Wazo la kuinyonga bawasiri ni la kale. Maandishi ya tiba yanayohusishwa na Hippocrates wa Ugiriki yanaelezea kuifunga kwa uzi na kuiunguza kwa chuma cha moto, mgonjwa akishikiliwa na watu. Mwaka 1958 Paul Blaisdell alieleza kifaa cha kufunga bawasiri ya ndani kliniki, bila kumlaza mgonjwa. Mwaka 1963 James Barron, wa hospitali ya Henry Ford mjini Detroit, alikiboresha kwa kutumia vipete vidogo vya mpira, na kimsingi njia yake ndiyo inayotumika hadi leo. Mgonjwa hulala kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa. Daktari huingiza bomba fupi lenye taa, huitafuta bawasiri, huivuta kwa koleo au kwa kifaa kinachonyonya, kisha hufyatua kipete kinachoibana shingoni. Damu haifiki tena. Nyama iliyobanwa hufa na kudondoka baada ya siku 5 hadi 10, mara nyingi ikatoka na choo bila mwenyewe kutambua. Kidonda kinachobaki hupona kwa kovu, na kovu hilo ndilo tiba yenyewe, kwa kuwa hukibandika tena ukutani kile kilichokuwa kimeteleza.

Siku mbili za mwanzo huwa na uzito, hamu ya uongo ya kwenda chooni, na maumivu ya wastani ambayo vidonge vya kawaida hutuliza. Wapo wanaohisi kizunguzungu mara tu mpira unapofyatuliwa. Kati ya siku ya 7 na ya 14, nyama inapodondoka au muda mfupi baada yake, mgonjwa mmoja au wawili kati ya mia wanaweza kutokwa na damu nyingi kiasi cha kuhitaji msaada. Na kuna hatari moja ndogo sana lakini nzito, iliyoanza kuripotiwa na vifo mwaka 1980: maambukizi yanayosambaa ndani ya nyonga. Dalili zake tatu zinafaa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya kila anayefungwa mpira: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, homa, na kushindwa kukojoa. Zikijitokeza, mtu haendi kulala akisubiri asubuhi.

Sindano ina historia yenye mafunzo kwa wanaosoma nguzo za umeme. Mwaka 1869 John Morgan wa Dublin aliandika kuhusu kudunga chumvi ya chuma ndani ya bawasiri. Miaka miwili baadaye, katika mji mdogo wa Clinton jimboni Illinois, mtu aitwaye Mitchell alianza kudunga asidi ya kaboliki iliyochanganywa na mafuta ya zeituni, akaifanya siri ya biashara. Siri ikauzwa na kuuzwa tena, matabibu wa kutembea mji hadi mji wakaibeba, wengine wakiwaponya watu na wengine wakiwaumiza vibaya. Ilichukua miongo kwa madaktari waliosomea kuichukua dawa hiyo, kupunguza nguvu yake na kujua mahali hasa pa kuidunga: juu ya bawasiri, kwenye shina lake, wala si ndani ya uvimbe.

Dawa iliyozoeleka ni fenoli ya asilimia 5 ndani ya mafuta ya lozi, ingawa sehemu nyingi sasa zinatumia dawa nyingine, zikiwemo za povu. Inayadhuru makusudi mazingira ya mishipa, yanavimba, kisha yanakakamaa kwa kovu. Haiumi sana, na ina sifa moja ambayo mpira hauna: inaweza kufaa kwa baadhi ya wagonjwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, ambao kwao kidonda cha mpira ni hatari. Lakini nguvu yake hufifia mapema. Sindano ikipotea njia kwa mwanaume inaweza kuifikia tezi dume, na madhara yake, yakiwemo maambukizi na hata upungufu wa nguvu za kiume, yamewahi kuripotiwa. Mwenye mzio wa karanga au lozi asisite kusema mapema.

Mwanga ndio mdogo wao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari wa Uswisi, Neiger, alieleza matumizi ya miali ya infraredi kutoka taa ya halojeni, inayopitishwa katika kijiti kigumu hadi kwenye shina la bawasiri. Kila mlipuko hudumu sekunde moja hadi moja na nusu, mara tatu au nne kwa bawasiri moja, na joto huunguza nyama kwa kina cha milimita chache tu. Mgonjwa husikia moto kidogo. Wengi hurudi kazini siku hiyohiyo. Kwa bawasiri inayotoa damu bila kutokeza ni tiba ya upole kabisa. Kwa inayotokeza, haina nguvu ya kuirudisha.

Sasa hukumu. Mwaka 1992 John Johanson na Alfred Rimm waliunganisha matokeo ya tafiti tano zenye wagonjwa zaidi ya 800 walioshindanishwa kwa njia hizi tatu. Waliona kuwa mpira ulidumu zaidi, lakini kwa kuwa uliwaumiza watu zaidi na kuleta matatizo zaidi, wakasema mwanga ndio unaoweza kuwa chaguo bora. Miaka mitatu baadaye, Helen MacRae na Robin McLeod wa Toronto walikusanya tafiti 18, wakaona karibu picha ileile: mpira unauma zaidi, ila wanaofungwa mpira hawahitaji kurudia tiba mara nyingi kama waliodungwa sindano au kuchomwa kwa mwanga. Wao wakapendekeza mpira uwe wa kwanza, kuanzia daraja la kwanza hadi la tatu.

Takwimu zinazofanana zilizaa hukumu mbili kinyume. Hakuna aliyekosea hesabu. Wa kwanza waliona maumivu ya wiki hii kuwa mazito kuliko safari ya pili ya kliniki mwaka kesho, na wa pili waliona vinginevyo. Miongozo mingi ya leo, ukiwemo wa chama cha madaktari wa upasuaji wa utumbo mpana wa Marekani, imekubaliana na Toronto, na kwa wasomaji wa kwetu hoja hiyo ina nguvu zaidi. Kwa mkazi wa Boston kurudi kliniki ni suala la mabasi mawili. Kwa mkulima wa Kigoma anayesafiri siku nzima kumfikia daktari mwenye kifaa, tiba inayodumu ina thamani kuliko tiba isiyouma. Kwa mwenye kliniki mtaa wa pili na damu kidogo isiyotokeza, mwanga unaweza kabisa kuwa uamuzi wa busara.

Tiba mpya nazo hazijakosekana. Mwaka 1995 Kazumasa Morinaga wa Japani alieleza kifaa cha kusikiliza mapigo ya mishipa midogo inayolisha bawasiri kwa mawimbi ya sauti, ili daktari aishone moja baada ya nyingine. Ilionekana kama ushindi: hakuna kinachokatwa. Hospitali za Uingereza zikaipima kwa uzito katika utafiti ulioitwa HubBLe, uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2016 ukiongozwa na Steven Brown wa Sheffield. Wagonjwa 372 wenye daraja la pili na la tatu waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakafungwa mpira mara moja, nusu wakashonwa mishipa. Baada ya mwaka mmoja tatizo lilikuwa limewarudia asilimia 49 ya waliofungwa mpira na asilimia 30 ya walioshonwa.

Kwa juujuu, mshono umeshinda. Lakini waliofungwa mpira wakiruhusiwa kurudia, kama inavyofanyika katika maisha halisi, tofauti ilipungua sana. Walioshonwa waliumwa zaidi siku za mwanzo, wengi wao walihitaji dawa ya usingizi na chumba cha upasuaji, na wastani wa gharama kwa kila mmoja ulikuwa pauni 1,750 dhidi ya pauni 723 za mpira. Kipete cha Barron, kilichotengenezwa enzi ambazo hapakuwa na simu ya mkononi, kilitoka katika shindano hilo kikiwa kimesimama. Somo la vitendo ni kwamba anayefungwa mpira asihesabu kuwa ameshindwa tiba akiambiwa arudi baada ya wiki nne hadi sita kwa mara ya pili. Mara nyingi huo ndio mpango wenyewe.

Kuna mambo ambayo tafiti za Toronto na Sheffield hazina sababu ya kuyatilia mkazo, ila daktari wa Mwanza au Kisumu anayo. Katika maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo ni ugonjwa wa kawaida, nacho huleta damu kwenye choo bila bawasiri yoyote. Kikikaa miaka huharibu njia za damu ndani ya ini, na mgandamizo ukipanda, mishipa ya puru hutanuka ikafanana na bawasiri kwa mtu asiyeangalia kwa makini. Kuifunga mishipa hiyo mpira kunaweza kufungulia damu isiyozuilika. Mgonjwa aliyekulia kandoni mwa ziwa, mwenye wengu lililovimba au tumbo lililojaa maji, apimwe hayo kwanza. Vivyo hivyo, mtu anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka sana anahitaji tahadhari zaidi kabla ya mpira, kwa sababu ya maambukizi yale ya nyonga. Anayetumia dawa zake vizuri na kinga yake iko juu yuko katika nafasi tofauti kabisa.

Hofu kubwa kuliko zote ni saratani ya utumbo mpana na puru. Inatoa damu kama bawasiri, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja. Damu iliyochanganyika ndani ya choo badala ya kukipaka juu, choo kilichobadilika mwenendo kwa wiki kadhaa, kupungua uzito, upungufu wa damu, umri wa kuanzia miaka 45, au ndugu wa karibu aliyewahi kuugua: lolote kati ya hayo linadai uchunguzi wa ndani kabla ya kuzungumzia mpira. Ukosefu wa kamera ya kuchungulia utumbo katika hospitali ndogo haumzuii daktari kutumia kidole chenye glavu. Saratani nyingi za puru zinafikiwa na kidole hicho, na mgonjwa anayepewa dawa ya kupaka bila kuguswa ana haki ya kuuliza kwa nini.

Kuhusu dawa za mitaani, zilizo mbaya zaidi ni zile zinazounguza. Baadhi ya waganga hupaka au kudunga vitu vikali ili "kinyama kikauke", na kinyama hukauka kweli, pamoja na ngozi na misuli inayokizunguka. Njia ikishapona kwa kovu la mviringo, husinyaa, na mtu aliyekuwa na tatizo la daraja la pili anajikuta hawezi kupitisha choo. Tangazo la nguzoni halitaji hatari hiyo.

Aliyeamua kufungwa mpira ana maandalizi machache. Amweleze daktari dawa zote anazotumia, hasa wafarini na nyinginezo za kuzuia damu kuganda, wala asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Baada ya tiba ale nyuzinyuzi na anywe maji, ajisaidie anapohisi haja bila kujikamua, na akae kwenye beseni la maji ya vuguvugu pale anapoumwa. Mama mjamzito mara nyingi hushauriwa kusubiri hadi baada ya kujifungua, kwani bawasiri nyingi za ujauzito hupungua zenyewe. Na kwa kuwa damu nyingi, ikija, huja kati ya siku ya 7 na ya 14, safari ya basi la usiku kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba, harusi ya kijijini au mwezi wa uvuvi visiwani vipangwe baada ya wiki hizo mbili kupita.